Ushuhuda Niliotuma Bukavu

Ndugu zangu, nina kosa, na sitalizunguka. Mimi ndiye niliyemwonyesha yule mtu mahali mtoto alipo. Sikujua, lakini ni mimi. Mnitukane mkitaka, mwenyewe nimeshajitukana mpaka nimechoka.

Nafanya kazi kwenye kafe ya intaneti hapa Nateete, mtaa wa Kampala. Ni Mkongo, mkimbizi kama wengi wa kanisa letu. Mchungaji alinipa kazi ya kutuma barua pepe ya kanisa kila wiki: matangazo, neno fupi, watu wa kuombewa. Makanisa mengine ya Wakongo hapa Kampala yakaipenda, nikawa natuma na kwao.

Shida ni kwamba hakuna aliyeisoma. Ilikuwa kavu, jamani! Mchungaji akanitania mbele za watu: "Bwana Kompyuta, barua yako inalaza watu kuliko mahubiri yangu." Kanisa zima likacheka. Niliumia, nikasema nitawaonyesha.

Nikaitengeneza upya. Nikaweka picha. Nikaongeza waumini wetu waliohamia Kanada na Australia, na kanisa moja la Bukavu ambako wengi wetu tulibatizwa. Tena nikaanza kuweka shuhuda, na si zile za "dada mmoja ametendewa." Nilitaka jina, mtaa, kazi anayofanya, mtu akisoma aone kabisa. Na walisoma! Majibu yakamiminika, "Mungu akubariki sana, ndugu." Nikavimba kichwa, siwafichi.

Sasa kuna mama mmoja, nitamwita Mama Ushindi. Si jina lake. Leo angalau nimepata akili. Mume wake alifariki kule Bukavu, na mdogo wa marehemu akataka kumrithi, yeye na mtoto. Mama akakataa, akakimbia na mwanawe mpaka huku. Kanisani tukipiga picha, alijifunika uso kwa kitenge. Mimi nilimwelewa. Kila picha nilimkata, nikajisifu moyoni kwamba namlinda.

Jumapili moja akasimama kutoa ushuhuda. Alilia, akacheka. "Mungu amenipa meza yangu ya sombe pale sokoni Nateete, karibu na steji ya boda! Ushindi anasoma, akitoka shule ananisaidia kuuza. Shemeji alisema nitarudi nikitambaa, na leo nimesimama!" Akina mama wakapiga vigelegele, ngoma ikapigwa, hata mimi nilicheza.

Nikauandika wote, neno kwa neno. Picha yake sikuweka! Mungu wangu, akili yangu yote ilikuwa kwenye picha. Jina nikaweka, soko nikaweka, meza ya sombe nikaweka. Wala sikumwuliza. Nilijiambia, si amesema mwenyewe mbele ya kanisa?

Kumbe kule Bukavu si kila mtu ana intaneti. Katibu wa kanisa lile ndiye anapokea barua, halafu Jumapili anaisoma kwa sauti wakati wa matangazo. Mimi sikulijua hilo, na sikuwahi kuuliza. Akasoma ushuhuda wa Mama Ushindi. Watu wakapiga makofi, binti yetu yuko hai! Na yule shemeji alikuwa amekaa humo humo, kwenye viti vya mbele.

Akafunga safari mpaka Nateete, na alikuja kwa upole, hilo ndilo linaloniua. Mama Ushindi alikuwa amekwenda soko la Kalerwe kuchukua majani ya muhogo ya sombe, mtoto amebaki mezani na muuzaji wa jirani, Nalongo, mama wa mapacha. Yule shemeji akasalimia vizuri, akajitambulisha: "Mimi ni baba mdogo wa huyu kijana." Nalongo akafurahi. "Bannange, jamani, kumbe mna watu!" Akampa kiti. Yule bwana akamwambia mtoto twende nikununulie soda. Mtoto akasita, Nalongo akamsukuma kidogo: "Nenda, ssebo, bwana mdogo, ni baba yako huyo."

Hawakurudi.

Polisi walitwambia mtoto yuko na ndugu wa baba yake, hayo tuyamalize kifamilia. Mchungaji akapiga simu Bukavu. Wazee wa ukoo wakajibu kwamba mtoto amefika salama, wanashukuru.

Mama Ushindi alikuja kafe. Hakunipigia kelele, na ningependa angepiga.

"Kaka, irudishe ile barua."

"Mama, ikishakwenda hairudi."

"Si wewe uliyeituma?"

"Ni mimi, mama."

"Basi irudishe."

Jamani! Nilifungua kompyuta mbele yake, nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale, na najua kabisa hakuna kitu. Nikafuta nakala yangu mwenyewe, ili tu aone kuna kitu kimefutika. Akaniuliza, "Imerudi?"

Akirudi Bukavu, shemeji anamngoja. Akibaki, hana mtoto. Mchungaji hana la kufanya, na mimi mwenye kompyuta ndiyo kabisa.

Wiki iliyofuata akaja tena, na picha ya Ushindi mkononi. Yeye aliyekuwa akijifunika kitenge! "Weka hii. Weka na yangu. Andika jina langu lote, andika ninamtaka mwanangu, wakaisome kwa sauti kule." Nikaweka, nikatuma. Ningemkataliaje?

Katibu wa Bukavu akajibu: "Ndugu, tumesoma. Kanisa zima limelia na kuomba. Hata baba mdogo wa mtoto alikuwepo, akasema amina."

Nikamsomea. Akaniangalia.

"Alisema amina?"

"Ndiyo, mama."

Akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akarudi kwenye meza yake. Sombe ilikuwa inamngoja.

Ninyi mnaotuma habari za makanisa, kwa barua, kwa simu, kwa chochote, nawaomba. Mtu anayetoa ushuhuda anawaambia wale anaowaona kwa macho yake. Hawa wa mbali ni ninyi mnaomletea, yeye hajui ni akina nani na wanakaa karibu na nani. Msifurahie majibu kama mimi nilivyofurahia. Mwulizeni mwenyewe kwanza. Mimi na Mama Ushindi tulikuwa tunakaa benchi moja, ningemgusa bega tu.