Vidole Vyangu na Koti la Mwenyekiti

Miaka ile ya dhiki, sabuni ikipatikana kwa foleni na sukari kwa kujuana, mashine ya kusaga ya ushirika wetu kule Bagara, mjini Babati, ilinikata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Mwendeshaji wake nilikuwa mimi. Mkanda wa kutoka kwenye injini kwenda kwenye kinu ulikuwa umekatika mara nyingi, na kwa kuwa mpya haukupatikana hata Arusha, fundi aliuunga kwa waya. Tangu hapo ukawa unahama njia. Ukihama, nilitakiwa kuurudisha kwa fimbo bila kuzima injini, maana kuiwasha tena kulitaka wanaume wawili na kuomba Mungu. Siku ya ajali waya ulidaka sweta langu, sweta likavuta mkono.

Nikiwa bado na bandeji, nikaitwa mashineni mbele ya kamati ya kuchunguza chanzo cha ajali. Mwenyekiti wa ushirika aliiongoza mwenyewe, pamoja na wajumbe wawili ambao kazi yao ilikuwa kuitikia.

"Shikamooni."

"Marahaba, binti. Siku ile ulivaa nini?"

"Sweta, mzee. Kulikuwa na baridi."

"Sweta!" Akawageukia wenzake kana kwamba nimekiri wizi.

"Sweta," wakaitikia.

Akauliza kama nina mchumba anayenitia mawazo. Kisha, kwa sauti ya chini, akauliza kama kuna mlanguzi aliyenituma nihujumu mali ya umma.

"Kwa vidole vyangu, mzee?" nikasema. "Mkanda una waya, na wavu wa chuma uliokuwa unaufunika uliondolewa ili tuweze kuusukuma."

Fundi, aliyesimama kando ya injini, akasema ni kweli, na kwamba amechoka kuomba mkanda mpya.

"Tusiingize mambo ya mikanda," mwenyekiti akamkatiza. "Nchi nzima haina mikanda. Mbona nchi nzima haijakatwa vidole?"

Wajumbe wakatikisa vichwa kuikubali hekima hiyo.

Ili kuthibitisha kwamba mtu makini hadhuriki, akaagiza injini iwashwe. Alikuwa amevaa koti lake la kijivu, ambalo kwa uhaba wa nguo wa wakati ule watu wa Babati walilifahamu kuliko walivyomfahamu yeye. Akachukua fimbo.

"Tazama, binti. Akili kwanza."

Mkanda ukahama. Akainama kuurudisha, waya ukadaka pindo la koti. "Mama yangu!" akapiga kelele, akikumbatia nguzo. Fundi alipozima injini, mwenyekiti alikuwa mzima, ila koti lilikuwa limebaki mikono na kola. Kina mama waliopanga foleni na madebe yao ya mahindi walijiziba midomo kwa kanga. Mimi nilicheka waziwazi, mpaka kidonda kikaniuma.

Kesho yake wavu ulirudishwa. Haukupita muda mrefu, mkanda mpya ukaja kutoka Arusha, kulekule ulikokuwa haupatikani. Vidole vya msichana havikuwa vimemsogeza mtu. Koti lilisogeza ushirika mzima.

Taarifa ya kamati ilisomwa mkutanoni: chanzo cha ajali ni uzembe wa mwendeshaji. Nikanyoosha mkono wa kushoto kuuliza swali. Mwenyekiti akautazama, akatazama dari, akasema muda umekwisha.

Jumatatu nikarudi kusaga. Nyumbani walitaka kula, na kazi nyingine mjini haikuwepo.