Sufuria ya Nyuzi Nne

Sufuria kubwa ya mama haikuwa ya kuguswa na mtu, lakini kwa miaka ishirini bintiye alikuwa akichemshia humo nyuzi za gitaa la besi, lile la sauti nzito. Nyuzi hizo za chuma zikishika jasho na uchafu wa vidole, sauti hufifia. Zikichemka na siki kidogo, sauti hurudi. Mpya ni ghali. Basi mara nyingi mama alifunua kifuniko akitarajia mchuzi, akakuta nyuzi nne zimejiviringa.

"Leo tunakula nini, mwanangu? Nyaya za baiskeli?"

Binti alicheka tu. Mchana alikuwa fundi wa makochi, akivuta vitambaa na kugongomea misumari mpaka vidole vikawa vigumu kama kwato. Akitoka kazini alikuwa Nyuzi Nne, mpiga besi wa bendi ya panki, muziki wa kelele na hasira ambao wimbo wake huisha hata hujapata kiti. Wanaume wawili walimposa kwa sharti kwamba aache. Wote aliwasindikiza mlangoni. Mama alisema sikio la kufa halisikii dawa.

Kelele angezivumilia. Kilichomuuma ni kwamba alisikiliza kanda zao mara nyingi, akasikia ngoma, akasikia gitaa, akasikia mwimbaji anafoka, ila mwanawe hakumsikia kabisa. Aliogopa kwamba mtoto ameumaliza ujana wake kwa kitu kisichokuwepo.

Jumapili moja alipiga moyo konde, akaenda kwenye ukumbi wa bendi, nyuma ya gereji. Alisimama karibu na jukwaa, mtandio umeziba masikio. Vijana waliruka, vumbi likatimka. Bintiye alikuwa pembeni, kimya, macho chini, utadhani yuko karakana anashona kochi.

Katikati ya wimbo wa tatu, uzi mnene ukakatika. Ulikuwa umechemshwa mara nyingi mno.

Hapo ndipo mama aliposikia. Ngoma ziliendelea, gitaa likaendelea, mwimbaji akafoka, lakini wimbo mzima ukabaki unaning'inia na vijana wakapoteza hatua. Kile kilichokuwa kikitetema kifuani mwake tangu aingie, alichodhani ni moyo wake mwenyewe, kilikuwa kimenyamaza.

Binti hakuinua hata uso. Vidole vikahamia nyuzi tatu zilizobaki, vikatafuta njia nyingine, na wimbo ukashuka ukakanyaga ardhi. Kifua cha mama kikaanza kutetema tena. Alibaki mdomo wazi, mtandio umemwangukia mabegani. Usione vyaelea, vimeundwa, na muundaji alikuwa huyu huyu aliyemzaa.

Kesho yake binti aliamka akakuta sufuria iko jikoni, maji yanatokota, chupa ya siki pembeni.

"Unapika nini, mama?"

"Leta hizo tatu," mama akasema bila kugeuka. "Leo nazipika mimi, maana wewe unaziivisha kupita kiasi."