Talaka Yangu Kaifunga na Kura, na Mwenye Kujua ni Mie Tu

Asalaam aleikum admin na nyote mnaosoma. Naomba jina langu lifichwe, na mtaa wangu pia, maana huku Mji Mkongwe ukipiga chafya kwako wa mtaa wa pili anakuombea rehema. Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nna watoto wawili. Mume wangu ni fundi wa milango ya mbao, nitamwita Baba Nasra ingawa silo jina lake. Tulioana kwa kupendana, hatukutafutiana na wazee. Nalisema hili mapema ili msije mkanijazia hapa "achana naye dada, wanaume ndivyo walivyo". Nampenda, na ndiyo maana nalia.

Kabla ya uchaguzi uliopita nilijitolea kuwafundisha kinamama wa mtaani jinsi ya kupiga kura. Baada ya alasiri tunakusanyika uani kwangu, tunatungika kanga kwenye kamba ndiyo iwe chumba cha kura, na kwenye karatasi za mazoezi nilichora embe, nanasi na shokishoki, asije mtu akasema nampigia debe fulani. Tulikuwa tukicheka mno! Kuna bibi mmoja kila akitoka nyuma ya kanga anapaza sauti, "Nimelichagua nanasi!" Namwambia, "Bi Mkubwa, hiyo siri yako, usimwambie mtu, hata mumeo." Ananijibu, "Mume wangu yuko kaburini mwanangu, akijua atanifanya nini?"

Hilo neno la "hata mumeo" ndilo lililoniponza. Likafika maskani, pale barazani anapokaa mume wangu na wenzake wa chama chake. Wakamcheka. Wakamwambia, "Mkeo anawafundisha wake zetu kutuficha. Wewe mwenyewe wako unajua anampa nani?" Baba Nasra si mtu mbaya wallahi, lakini akichekwa na wanaume wenzake huwa si yeye tena. Akarudi nyumbani kanuna, kanikuta jikoni nakuna nazi. Akasema, "Sikiliza Mama Nasra. Ukiwapa kura wale mahasimu wetu, umeachika. Talaka moja. Nshasema."

Nikamwambia, "Hebu mche Mungu, talaka haitiwi mzaha." Akavaa viatu akatoka. Siku ya pili yake kaniletea mishkaki kutoka Darajani, anacheka na watoto, kama kwamba hakuna kilichosemwa. Hajalitaja tena mpaka leo. Nadhani keshasahau.

Mie sikusahau. Siku ya kura nimepanga foleni na kinamama wangu wako nyuma, "Mwalimu, Mwalimu", wamevaa vizuri kama wanakwenda harusini. Nikaingia mule chumbani peke yangu. Nikajiambia, nikichagua kwa kumuogopa mume, basi kinamama wale wote nimewadanganya. Nikawachagua walewale alionikataza, maana moyo wangu ulikuwa kwao tangu hata sijaolewa, na sababu zangu nnazo. Nikakunja, nikatumbukiza, nikatiwa wino kidoleni. Nikatoka pale mwanamke aliyeachwa, na hakuna hata mtu mmoja anayejua.

Nyie wacheni tu. Narudi nyumbani namkuta kanipikia chai. "Haya Mwalimu, umepiga?" Nikasema nimepiga. Hakuuliza zaidi, na laiti angeuliza. Tangu siku hiyo naogopa dhambi, nalala chumba cha watoto kwa visingizio, mara kichwa kinaniuma, mara Nasra anaweweseka. Nikampigia simu ustadhi mmoja bila ya kujitaja. Akaniambia sharti likishatimia talaka imepita, hata kama mume hana habari, ila kwa kuwa ni moja anaweza kunirejea kabla edda, ule muda wa kungojea baada ya talaka, haijesha. Nikamuuliza, "Atanirejea vipi na hajui kama kaniacha?" Akasema, "Basi nenda kamwambie."

Rahisi kusema! Nikimwambia nimeachika, nshamwambia na kura yangu. Baba Nasra hana kifua, maskani watajua siku hiyohiyo. Nitawatazama vipi kinamama niliowaapia kuwa kura haitoki nje ya kile chumba? Na hilo bado dogo. Nnachokiogopa hasa ni kwamba hatonirejea. Atasema nililisikia sharti lake, nikalipima, nikalivuka kwa makusudi, kwa hiyo nilichagua chama nikamwacha yeye. Wala sikumwacha! Nilitaka kura yangu na mume wangu, kwani ni mengi hayo?

Juzi nilikuwa juu darini naanua nguo. Akaja nyuma yangu taratibu akanishika bega, nikaruka kama nimeunguzwa na mafuta. Akabaki kasimama, mkono wake uko hewani. Akanambia kwa sauti ndogo, "Mama Nasra, kama una mwengine niambie tu. Mie sitofanya vurugu."

Yarabi! Miaka yote hii, leo mume wangu anadhani nna mwanamume nje. Nilitaka kumjibu, yakatoka machozi tu. Na yeye kayachukua yale machozi ndiyo jibu langu. Akaniokotea nguo zilizoanguka, akaziweka vizuri kwenye beseni, akashuka. Sasa ananisalimia kama mgeni wa nyumba, na kazini anachelewa kusudi ili asinione.

Kinamama, kinababa, na mwenye elimu ya dini asinifiche. Nimwambie ukweli, nikijua kwamba anaweza kukataa kunirejea? Au ninyamaze nibaki ndani ya nyumba ya mtu ambaye kesho si mume wangu, huku akiamini mimi ni malaya? Msinikawize kwa matusi, nitukaneni baadaye. Edda yangu imebaki kidogo sana, na mwenye kunirejea hajui hata kama imeanza. Nifanye nini, ndugu zangu?