Chai Iliyoganda Mlimani

Iko asubuhi moja haijanitoka akilini, mwanangu, na kwa kuwa wataka kwenda kupanda milima kama mimi, nitakupa kama ilivyokuwa. Sijui kama mimi ndiye wa kukunasihi. Hata shule sikuimaliza.

Ilikuwa Ramadhani, nami niko Mlima Kenya kwa majaribio. Nikiupanda mwamba salama na Mzee Njoroge, mkuu wa waongozaji, napata kazi. Nikishindwa, narudi kwetu Timbwani, Mombasa, kuchekwa. Rafiki zangu walishaniaga: "Wewe mwinuko wa feri tu wakuhemesha, barafu utaiweza?"

Nilikuwa na saumu na sikumwambia mtu. Msafiri ana ruhusa ya kula, hilo nalijua, lakini sikutaka kula. Na niliona nikisema nimefunga, nitaachwa. Mpishi aliponipa chai, nilizunguka nyuma ya jiwe nikaimwaga. Kwetu chai ukiimwaga mchangani haionekani tena. Kule iliganda, ikakaa palepale juu ya theluji, kila mtu aione.

Mzee Njoroge tayari alikuwa amejifunga ncha moja ya kamba, ya pili niko nayo mimi. Akaitazama ile chai. Akaanza kulifungua fundo lake, polepole.

"Kijana wa Mombasa, leo hujala?"

"Nimefunga, mzee."

"Ukizimia kule juu, nani anaanguka?"

"Mimi."

"Na mimi je? Nabaki hewani nikikuombea?"

Fundo likaachia, akaivua kamba kiunoni.

"Saumu ni yako na Mungu wako, hapo siingii. Lakini kamba ni yetu wawili. Ungeniambia, ningekuweka kambini mpaka Idi. Sasa shuka."

Akapanda na mwengine. Kazi akapewa yule, na kwa haki, maana alikuwa hodari kunishinda.

Idi ilipopita nilimpigia simu mzee. Nikamwambia nimekula, nimelala, ila goti la kushoto laniuma kidogo. Akacheka. "Haya, sasa njoo." Kazi yangu yote ilianzia kwenye goti lile.

Basi, mwanangu, mtu mliyeungana naye kwa kamba usimfiche hali yako. Njaa, homa, hata woga, mwambie mkiwa bado chini. Huenda akakuacha siku hiyo. Kubali, ushuke, umpigie tena.

Mwenyezi Mungu akupandishe salama na akushushe salama, mamako akupokee mlangoni una vidole vyako vyote, barafu isile hata kimoja. Amin.