Alikuwa Anafanya Nini

Simu ya baba mdogo ilinikuta darasani, Tabora mjini, nikiwafundisha kidato cha pili namna Waingereza wanavyosimulia yaliyopita: jambo lililotokea likaisha, na jambo lililokuwa likiendelea mpaka lingine likaja kulikatiza. Binti wa dawati la mbele alikuwa ametoa mfano mzuri. Mama alikuwa anapepeta mchele, mvua ikanyesha. Nilikuwa ninauandika ubaoni.

"Mwanangu, baba yako anaumwa kidogo," alisema baba mdogo. "Lakini jitahidi ufike leo."

Kwetu msiba hautajwi kwenye simu. Mzee akiumwa kidogo kweli, utaambiwa uje Jumamosi. Ukiambiwa uje leo, basi. Nililijua hilo tangu utotoni, na mwenyewe nimewahi kuwapigia wenzangu simu za namna hiyo. Ila siku hiyo nilikataa kujua. Nilipita sokoni nikanunua maziwa na machungwa ya mgonjwa, nikapanda basi la Nzega, mfuko nimeupakata njia nzima.

Nilipofika nyumbani Puge, wanaume walikuwa wamekaa nje chini ya turubai. Shangazi alikuja mbio kunipokea mfuko, akauchungulia, akageuza uso pembeni. Nilikasirika, na hasira ile sijaimaliza hadi leo. Wangeniambia ukweli, ningelia ndani ya basi, nisingemnunulia marehemu machungwa.

Tulimzika kesho yake. Kila niliyemuuliza alinijibu kwamba alifariki asubuhi, kazi ya Mungu haina makosa. Hilo nilikuwa nalo tayari. Nilitaka kujua alikuwa anafanya nini. Alikuwa anaumia? Alikuwa peke yake? Watu walianza kunitazama kwa wasiwasi, maana huku kwetu anayechimba sana habari za kifo hudhaniwa anatafuta mchawi.

"Mwanangu, yaache hayo," baba mdogo alinionya.

Sikuyaacha. Jioni niliingia ndani, nikakaa mkekani ubavuni mwa mama, nikamuuliza yeye.

"Alikuwa ananicheka," alisema. "Nilikuwa ninakama ng'ombe, ndama akanisukuma nikakalia matope. Baba yako akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kumbe ndiyo anakwenda. Na mimi nilikuwa ninaendelea kucheka tu pale chini, nikijua tunacheka wote."