Nyota Mbili Nukta Tatu za Daktari Angeline

Kama umewahi kufika Siakago ukaingia kliniki yetu bila kufungua simu kwanza, wewe ni mtu wa heshima. Wengi hufungua simu. Wanaona nyota mbili nukta tatu, wanasoma maneno ya watu wenye hasira, halafu wanageuka na mgonjwa wao mkononi. Mimi huwaona kupitia dirisha. Naitwa Teresia, nakaa pale mapokezi, mwaka wa sita huu, na watu hao nawachukia kidogo, Mungu anisamehe.

Mwenye nyota hizo anaitwa Angeline. Kwa karatasi ni afisa wa kliniki, lakini hapa kwetu anayekupima na kukuandikia dawa ni daktari, basi. Alitoka Kibugu, kule juu kwenye majani chai, akateremkia joto letu akiwa na sweta mbili ambazo hajawahi kuzihitaji tena. Baba yake alikuwa karani wa kupokea majani. Mkulima akileta kikapu, mzee hakuangalia majani ya juu. Alitumbukiza mkono mpaka kiwiko, akatoa yale ya chini, kwa sababu kila mtu hupanga mazuri juu. Angeline alikua akitazama mkono huo ukiingia na kutoka, na ndivyo anavyotibu.

Kila asubuhi, kabla ya kuingia chumbani kwake, hupita mbele ya benchi polepole, mikono nyuma, akimtazama kila mtu toka kichwani hadi miguuni. Wageni hudhani anatafuta mwizi. Kumbe anachagua nani aingie kwanza, na orodha yangu ya nani alifika mapema haimhusu. Kuna mtu alikuwa wa kwanza kufika, akapitwa na mtoto aliyekuwa akihema mbiombio. Akaandika pale mtandaoni kwamba sisi ni kliniki ya ubaguzi.

Maswali yake nayo hayana haya. Umekuja na kichwa, yeye anataka habari za choo. Umekuja na kikohozi, anauliza mnalala wangapi chumba kimoja. Akimaliza kuuliza, mara nyingi hakudungi sindano wala hakutundikii chupa ya maji. Hapo ndipo ugomvi huanza, maana kwetu ukirudi nyumbani bila alama ya sindano, unaulizwa kama ulikuwa umeenda kutembea tu.

"Nilienda na homa, akaniambia ninywe maji nirudi baada ya siku mbili," mmoja aliandika. "Maji niko nayo kwangu." Nyota moja. Mwingine: "Anauliza kama polisi." Mwingine: "Hatabasamu." Hilo la tatu siwezi kulikana. Nimefanya naye kazi miaka sita na tabasamu zake nazijua, nyingi ni za watoto wachanga.

Na wanaopona je? Wanaopona hawaandiki. Mtu wa huku kwetu Mbeere akipona analeta ndengu za shambani kwake. Mzee Salesio alikohoa miezi minne akipewa dawa za mafua huko na huko, mpaka Angeline akamgundua ana kifua kikuu. Alipopona alileta asali, mtungi mzima, akauweka mezani kwangu bila neno na akaenda zake. Kama ndengu na asali zingekuwa nyota, tungekuwa na mbingu nzima pale stoo.

Mwenye kliniki ni Abdiwahab, mfanyabiashara wa Meru mjini. Si mtu mbaya. Ana malori, ana duka la dawa, ana kliniki mbili, yetu na ile ya Meru, na kwa kuwa hawezi kuwa kila mahali, anaziangalia kwa simu. Siku moja mwezi wa tatu alinipigia.

"Teresia, Meru iko na nyota nne nukta nane. Nyinyi mko na mbili. Shida ni nini?"

"Shida ni watu, bosi."

"Meru pia kuna watu. Wanapewa chai, wanaona televisheni, anayetaka kuwekwa maji anawekwa. Mwambie daktari, mwezi ukiisha hivi, naleta mwingine."

Nilimwambia. Angeline ana watoto wawili shuleni hapa na mume aliyekwisha tangulia mbele ya haki. Hana pa kukimbilia. Nilianza kulia mimi, yeye akaendelea kuandika.

"Teresia," akasema bila kuinua kichwa, "mimi kazi yangu naijua. Lia ukimaliza kuniitia yule mama wa presha."

Sikuridhika. Wagonjwa wetu wengi wana zile simu ndogo za vibonyezo, haziwezi kuandika nyota. Ya kwangu inaweza. Basi siku tisa nilishika kila aliyetoka mle chumbani amepona au anaelekea kupona, nikamwambia aseme, mimi niandike. Walisema kama wanavyosema kanisani. "Bwana asifiwe. Mimi naitwa Salesio, nimeokoka, Yesu ni mwokozi wangu. Nilikohoa mpaka wakanichagulia mahali pa kuzikwa." Watu thelathini na mmoja! Wengine walitokwa na machozi, mmoja alimalizia kwa wimbo. Karibu kila mmoja nilimbonyezea nyota tano.

Siku ya kumi nikafungua nione tumepanda wapi. Nyota mbili nukta tatu. Ushuhuda ulikuwa mmoja tu, wa yule wa mwisho, Nyaga, mtu wa kubishana hata na kivuli chake, ambaye alikuwa amekataa katakata nimwandikie tano: "Daktari ni mzuri lakini hiyo benchi ni ngumu. Nyota tatu."

Nilimpelekea simu Carol, binti wa dada yangu. Alicheka mpaka akakaa chini. "Aunty, simu moja ni mtu mmoja. Kila ukiandika mpya, ya kwanza inafutika." Kumbe thelathini na mmoja wote walikuwa mtu mmoja anayebadilisha mawazo, na wazo lake la mwisho lilikuwa benchi.

Kwa hasira nikaingia kwa Angeline nikamsomea yale mabaya yote, moja baada ya jingine, ili naye akasirike japo kidogo. Alisikiliza huku akipanga faili. Kwa moja tu mkono wake ulisimama. Lilikuwa la kijana anaitwa Gitari: "Alimweleza baba dawa huku anaandika, hakumwangalia hata. Baba akameza za asubuhi na za jioni kwa mpigo. Tulimkuta amelegea."

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Huyu amesema kweli," akasema.

Akatafuta faili, akampigia Gitari palepale, akaomba msamaha mbele yangu. Tangu siku hiyo hakuna anayetoka mle ndani kabla hajashika dawa zake na kurudia kwa mdomo wake mwenyewe ipi ni ya saa ngapi. Wazee wanakariri kama watoto wa darasa la kwanza na benchi zima linacheka. Gitari hakufuta nyota yake. Mimi niliona ni ukosefu wa adabu. Angeline alisema ni haki yake.

Ilipofika Alhamisi ya mwisho wa mwezi, Abdiwahab akaja mwenyewe. Alikuwa njiani kwenda harusi Embu, kavaa vizuri, bahasha iko mkononi. Bahasha hiyo niliijua ni ya kumfukuza Angeline. Alikuja na mama yake, Mama Nurto, mwanamke mrefu mwenye soksi nyeusi nzito ndani ya kandambili za ngozi, akamketisha kwenye benchi ili yeye mwenyewe amwone daktari dakika mbili.

Ilikuwa saa mbili na nusu. Angeline alikuwa ndio anapita benchi.

Alimpita Abdiwahab kwa salamu tu. Kwa Mama Nurto akasimama. Nami nikatazama alipotazama: kandambili moja ilikuwa imekatwa kanda kwa kisu ili mguu uingie, na nzi wawili walikuwa wanautafuta mguu huo mmoja, sio ule mwingine.

"Mama, habari ya safari?"

"Nzuri. Mimi si mgonjwa. Nangoja kijana yangu."

"Sukari uko nayo tangu lini?"

Mama akashtuka. "Nani amekuambia?"

"Hiyo kanda nani alikata?"

"Mimi. Ilikuwa inanibana."

Abdiwahab akasogea. "Daktari, Hooyo, mama yangu, ana daktari wake Meru, pale kliniki yangu. Anaenda kila wiki. Kidonda kinaendelea vizuri."

"Wewe ulikiona lini?"



Tulimwingiza Mama Nurto ndani, sisi wanawake watatu, pazia likavutwa. Angeline akapiga magoti sakafuni, akaivua soksi kidogo kidogo akiilowesha maji ilipokuwa imegandia. Harufu ikatoka kabla ya mguu. Kidole cha mwisho kilikuwa cheusi hadi kwenye shina. Akakibonyeza, mama akawa anatazama dirisha tu, hasikii kitu.

"Daktari wa Meru anakitazama?"

"Ananiuliza, mama, mguu namna gani? Nasema afadhali. Yule kijana ana heshima sana. Hanisumbui. Ananipa dawa, tunakunywa chai."

Angeline alitoka na barua ya rufaa mkononi, tayari amekwisha ongea na hospitali kubwa Embu kwa simu.

"Hakuna harusi leo," akamwambia Abdiwahab. "Kidole siwezi kuahidi. Mguu nataka ubaki, kwa hivyo nendeni sasa hivi."

"Na lile jambo nilikuja nalo..."

"Liweke mezani. Nitalisoma wagonjwa wakiisha."

Alisimama pale, mtu mwenye malori na kliniki mbili, akiitazama bahasha yake kama ya mtu mwingine. Halafu akaitia mfukoni. Angeline hakungoja. Alikuwa amemgeukia Mama Nurto na kumfanya arudie, mbele ya benchi zima, kwamba hakanyagi chini, havai kiatu na hali kitu chochote kitamu. Mama akakariri, na safari hii hakuna aliyecheka.

Walipoondoka nililia tena, kwa furaha, na nikaambiwa tena niite anayefuata.

Wiki saba baadaye gari la Abdiwahab liliegeshwa mlangoni. Mama Nurto alishuka kwa fimbo, akatembea mwenyewe hadi kwenye benchi. Kidole kilikuwa kimekwenda. Mguu ulikuwepo, umevaa kiatu kipya kipana. Bahasha sijaiona tena hadi leo, na Angeline bado yuko mle chumbani, hatabasamu.

Mama alimwita mwanawe aketi karibu.

"Toa simu. Mimi sijui kuandika hiyo vitu, wewe andika vile nasema."

Abdiwahab akatoa simu.

"Andika, chai hakuna."

Akaandika.

"Andika, anauliza sana na hacheki."

"Hooyo, hiyo ni mbaya."

"Andika. Ni kweli."

Akaandika. Mama akaweka fimbo chini na kukaa wima, benchi lote likisikiliza.

"Sasa andika, yule wa Meru nilikunywa chai yake wiki kumi na moja. Huyu alinivua soksi."