Nikapitia Mchicha

Siku yangu ya kwanza ya ukalimani niliifanyia Guangyuan Xilu, mtaa wa maduka huko China, kwenye duka la jinzi za jumla. Laoban, yaani mwenye duka, alipiga kelele, mteja wangu kutoka Mbeya naye akapiga kelele, nami katikati nikaona aibu, nikawa natafsiri maneno matamu tu. Wote wawili walicheka, biashara ikafanyika. Nilidhani kazi ndiyo hiyo.

Miaka kadhaa baadaye nikaajiriwa na ofisi ya mawakili hukohuko. Mkuu wangu, Wakili Kiongozi, mama mfupi asiyependa utani, aliniambia asubuhi ya kwanza, "Hapa huuzi nguo. Mtu akitukana, tafsiri tusi. Akisitasita, nawe sitasita."

Kesi ninayojivunia kuliko zote ni ya Esta, binti wa Shinyanga, mkaguzi wa mizigo aliyeajiriwa kihalali na kukatwa bima kwenye mshahara. Akitoka kazini jioni, gari dogo la mizigo lilimgonga na kumvunja mguu vibaya. Sheria ya kule huihesabu ajali ya njiani, kati ya kazini na nyumbani, kuwa ajali ya kazi, ilimradi kosa kubwa si lako. Lakini idara ya bima ilimnyima fidia ya ulemavu. Alipohojiwa, Kiswahili chake kilipitishwa kwenye Kiingereza kwanza, kikatoka kwa Kichina hivi: "Nilikwenda sokoni." Basi, wakasema, hakuwa anakwenda nyumbani.

Wakili Kiongozi akaupinga uamuzi huo mahakamani. Upande wa pili haukunikataa, nikaapishwa kuwa mkalimani.

Jaji akamuuliza Esta, "Jioni ile ulikuwa unakwenda wapi?"

Esta, magongo yameegemea kiti, akajibu, "Nyumbani, mheshimiwa. Nikapitia mchicha tu."

Nilitafsiri, nikasitasita kwenye "nikapitia", kisha nikaomba ruhusa kueleza neno hilo. Nikasema kwetu anayepitia kitu hajaiacha safari yake. Anakichukua huku anaendelea na njia.

Ofisa wa idara akasimama. "Mkalimani anamtetea!"

Jaji akanigeukia. "Unaeleza lugha, au unamtetea mtu?"

Nikajibu, "Naeleza lugha, mheshimiwa. Angesema alikwenda kununua mchicha, ningetafsiri hivyohivyo, hata kama hilo lingemponza."

Jaji akamuuliza Esta soko liko wapi.

"Njiani kabisa. Bila kulipita sifiki kwangu."

Wakili Kiongozi akafungua ramani, akaonyesha, kisha akajenga hoja yake ya sheria kwa utulivu: mtu anayenunua mboga ya usiku njiani bado yuko safarini kwenda kwake. Hukumu ilipotoka, uamuzi wa idara ulitenguliwa, ikaamriwa kuamua upya. Safari hii ajali ilikubaliwa kuwa ya kazi. Esta alilipiwa matibabu, na malipo ya ulemavu akayapata.

Siku ile Esta alipohojiwa na jaji, tulipotoka mahakamani, Wakili Kiongozi, ambaye hakuwa amewahi kunisifu, alinishika bega. "Leo," akasema, "nimependa kusitasita kwako."

Sasa nimestaafu, nimerudi Morogoro. Vijana huniuliza, "Bibi, miaka yote China, ulileta kontena ngapi?" Sikuleta hata moja. Nawaambia niliwahi kusimama mbele ya jaji, nikakiapia Kiswahili, na mahakama ikakisikiliza.